Ushuhuda Uliokatwa na Pambio

Nilipomaliza chuo kikuu nilijiona mpinga dhuluma aliyekomaa. Nilikuwa nimegoma, nimelia kwa moshi wa polisi, nimepoteza kiatu kimoja kwa ajili ya demokrasia. Kisha nikapanga chumba mtaa wa Lindi, Kibera, nikagundua kwamba kupinga serikali ni rahisi kuliko kumpinga mwenye nyumba. Serikali haikuwa na ufunguo wa chumba changu.

Ilikuwa mapema katika miaka ya tisini. Habari za mapigano ya kikabila mashambani zilifika mjini pamoja na watu waliochomewa nyumba. Baadhi yao walipokelewa na jamaa zao Kawangware, alikokaa mwenye nyumba wetu, na uchungu wao ukageuka hasira kwa wengi. Jumamosi moja mzee huyo akaja kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, akawaambia wapangaji wote waliotoka upande wa ziwa wahame kabla ya mwisho wa mwezi. Hakugomba. Alisema kama mtu anayetangaza kwamba maji yatakatika. Waliochoma zile nyumba hawakuwa hata watu wa ziwa, lakini nani alikuwa anauliza?

Mimi sikuguswa. Kabila langu halikuwa na uzito wa kufukuzwa. Aliyeguswa ni mama wa mlango wa pili, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya mguu na aliyewazaa watoto wake wote katika chumba kile.

"Sasa msomi," akaniambia bila kuacha kukanyaga cherehani, "si ni ninyi mlikuwa mnarushia askari mawe mkiimba haki? Haki imekuja mlangoni, unajifanya unatafuta kiberiti."

Kiberiti chenyewe nilikuwa nimekishika mkononi.

"Nitaongea naye pembeni."

"Pembeni atakupatia chai, urudi hapa ukimsifu. Huyo ni mzee wa kanisa. Ongea wakati wa ushuhuda. Hapo hakuna mtu wa kukwambia nyamaza."

"Si uende wewe mwenyewe?"

"Nikienda mimi watasema nalilia nyumba. Wewe hufukuzwi. Ndiyo watakusikia."

Jumapili nikavaa suti ya mahafali, nikavuka barabara ya Ngong kwa miguu hadi kanisa lao la mabati, Kawangware. Aliyeongoza ibada siku hiyo alikuwa mzee mwenyewe. Wakati wa ushuhuda ulipofika nikasimama, nikasema, "Bwana asifiwe," wakaitika vizuri. Hapo ningesema neno langu na kuketi. Badala yake nikaanza na ukoloni. Nilipofika kwenye ujenzi wa reli, mama mmoja wa mstari wa mbele akaanzisha pambio, kayamba zikadakia. Ndivyo makanisa yetu yanavyomkata msemaji mrefu: hakuna anayemwambia keti, anaimbiwa mpaka akae.

Sikukaa. Si ushujaa, magoti yalikataa kukunjika. Nikabaki wima, nikipiga makofi nje ya mdundo, hotuba yangu yote ikinitoka kichwani. Pambio likaisha, na kanisa likanigeukia, maana aliyebaki amesimama bado ana neno.

"Nina ombi," nikasema. "Mzee wetu hapa ndiye mwenye nyumba yangu. Amewaambia majirani zangu wahame kwa sababu ya kabila lao. Mmoja ni mama mwenye watoto, amekaa pale muda mrefu kuliko sisi wote. Hajamchomea mtu nyumba. Naomba tuombe asifukuzwe."

Hakuna aliyesema amina. Lakini ombi likishatolewa kanisani lazima liombewe, na anayeomba ni anayeongoza ibada. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Si uombe, Baba," mke wake akasema kutoka benchi la akina mama, macho tayari ameyafumba.

Akaomba. Alianza na mvua, akapitia wagonjwa, wasafiri na wanafunzi, akakaribia kumaliza, akasita. "Na wapangaji, Bwana," akasema kwa sauti ya chini. "Wape mahali pa kukaa."

"Amina!" Sauti ya mke wake ndiyo niliyoisikia zaidi.

Jumamosi iliyofuata mzee akasimama mlangoni pa mama. Ploti nzima ilikuwa nje, kila mtu na kazi ya kujifanya.

"Hii cherehani ina kelele sana," akasema. "Mwezi ujao nikikuja nipate umeweka gunia chini yake."

"Mwezi ujao?" mama akauliza.

"Nimesema mwezi ujao." Akanigeukia. "Na wewe kijana, siku nyingine uongee kwa kifupi."

Nimeandika mengi tangu hapo kuhusu vita na haki, na kila nikijiona nimefika kwenye reli, nafuta.

Jumamosi ile mzee alikuwa hajafika barabarani wakati fundi viatu wa ploti ya pili, naye mtu wa ziwa aliyepewa notisi na mwenye nyumba mwingine, alipochungulia kwangu.

"Niaje, msomi. Mwenye nyumba wetu pia huwa anasali huko Kawangware. Ushuhuda huanza saa ngapi?"