Mlevi wa Kwenye Kanda

Bwana mmoja, mchana ni karani wa posta. Jioni, akishavaa visikizio vyake masikioni, hasalimiki. Alikuwa akiisafisha sauti, kwa kompyuta, kanda ya zamani ya tamasha la mpiga gitaa maarufu wa roki, iliyorekodiwa kwa siri na mmoja wa watazamaji. Alifuta vikohozi, akafuta makofi, shingo ameikunja kama kuku aliyesikia mwewe, kidole kimoja juu ili mkewe asiburute hata kiti. Kilichomshinda ni mlevi mmoja aliyebweka pale gitaa lilipokuwa tamu kuliko kote.

"Mshenzi huyu! Kwao hawakumfunza kunyamaza?"

Siku moja alichomoa visikizio ili mkewe naye amsikie huyo mshenzi. Mke akaacha kukunja nguo, akatega sikio, akacheka mpaka akakaa kitako.

"Baba watoto, si wewe huyo? Mimi nilikuwa kando yako pale tamashani, nimekushika mkono, aibu zinanimaliza!"

Mume akairudisha kanda nyuma, akasikiliza tena. Kisha akatamka kitaalamu kwamba kelele kidogo huipa rekodi uhai. Siku hizi wageni wakija huwasikilizisha kipande hicho kwanza, na gitaa amelipunguza sauti, maana anasema lilikuwa linamfunika.