Kichwa cha Samaki Nilichonyang'anywa Dunga

Kuna mama alininyang'anya kichwa cha samaki pale Dunga, kando ya ziwa Kisumu, mchana kweupe, watu wakiona.

Nikamwambia asante.

Kabla hujaanza kunicheka, ngoja nikupange.

Mimi ni Wasike, mtoto wa Bungoma. Kwetu tunajua kuku. Kuku nikimla naweza kukuambia alikuwa na tabia gani akiwa hai. Samaki? Samaki kwangu ilikuwa mifupa iliyovaa nyama.

Sasa Mungu, kwa mchezo wake, akanipa Awuor wa Kisumu.

Wazee wa kwao wakakubali kuniona. Baba yake ni marehemu, kwa hivyo mwenye neno ni Mzee Zadock, kaka mkubwa wa huyo marehemu. Akanipigia simu na sharti moja.

"Jumamosi utatulisha samaki kando ya ziwa. Hoteli utachagua wewe. Tunataka kuona kama una macho."

Nikikosea hoteli, ndoa imekwisha. Narudi Bungoma kuoa kuku.

Ijumaa nikashuka Kisumu mapema kupeleleza. Awuor alikuwa amenisisitizia kitu kimoja tu: "Vaa ile shati yako ya manjano."

Nikajua hayo ni mapenzi.

Nilianza na mahali pa kifahari, viti vyeupe, ziwa linameremeta, kila mtu anapiga picha. Jina sitaji. Samaki alikuja amekauka hadi ungeweza kumtumia kubisha mlango.

Nikampigia Awuor.

"Toka hapo!" akasema. "Mzee Zadock akiletwa hapo atakufukuza na kiti. Panda boda uende Dunga. Ingia ile hoteli yenye moshi mingi. Ukae mwisho kabisa, karibu na maji."

Nikatii.

Hoteli yenyewe ni mabati, mabenchi, na ukuta wa matete uliogawanya ukumbi sehemu mbili. Unachagua ngege wako kwenye beseni, anatolewa magamba, anaingia kwenye mafuta ukimwangalia. Nikachagua mnene, nikaomba aletwe na mchuzi na ugali.

Nilipoanza tu kula, mama mmoja wa kitambaa cha kijani akaketi mbele yangu. Hakuomba ruhusa. Benchi ni ya watu wote, sikujali.

Nikaanzia mkiani, kwa adabu. Kichwa nikakisukuma kando.

"Wewe," akasema. "Hicho kichwa kimekukosea nini?"

"Mama, kinaniangalia."

"Kwa hivyo unatupa?"

Mkono wake ulipita kama mwewe. Kichwa kikaenda.

"Jamwa kabisa," akasema akitikisa kichwa chake. Jamwa ndiyo sisi, watu wa kuja. Akakivunja kile kichwa katikati, nusu akanirudishia. "Hii ndio samaki. Hiyo ingine ni ya kujaza sahani. Nyonya."

Nikanyonya.

Wueh!

Yaani miaka yote hiyo nilikuwa nimefichwa.

Hapo ndipo nilisema asante. Na hapo ndipo tukawa sahani moja, ugali mmoja, mchuzi mmoja, kama watu wa nyumba moja. Mdomo wangu nao ukafunguka. Nikamwambia yote, kesho nalisha wakwe.

"Unaogopa hao wazee?" akauliza.

"Wazee si shida. Shida ni mama ya msichana. Sijawahi kumwona, lakini nasikia ana sauti ya kuita boti iliyo Uganda, na irudi."

Akacheka mpaka akashika benchi.

"Na akiwa mkali hivyo, utaacha msichana wake?"

"Mama, hata akinifukuza nitalala kwa geti." Sijui kwa nini sikutania zaidi. "Nilipofutwa kazi, marafiki walipotea wote. Awuor ndiye alikuwa ananipigia kila asubuhi kuuliza kama nimeamka. Hakuna mwingine aliyeuliza."

Mama akanisogezea mchuzi.

Mimi nikaendelea kuongea, nikasahau mifupa. Mifupa haikunisahau.

Mmoja ulinikwama kooni. Macho yakatoka. Mama akaruka, akazunguka meza, akanigonga mgongo, akafinyanga tonge la ugali na kunitia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe.

"Usitafune. Meza!"

Nikameza. Mfupa ukashuka.

Akanawa mikono, akajifunga kitambaa vizuri. "Kula pole pole, nyathina," akasema, yaani mtoto wangu. Akaenda zake. Hata jina sikumuuliza.

Jumamosi nikawaleta wazee papo hapo. Mama mkwe alikuja pia, lakini usidhani nilimwona. Kwao na kwetu ni kitu kimoja: mkishatambulishwa, mkwe na mama ya msichana hawali pamoja, hawashikani mikono. Kwa hivyo akina mama waliketi upande wa pili wa matete, sisi huku.

Mzee Zadock alimwinamia samaki wake kama mtu anayesoma mkataba. Nikahesabu kila tonge lake.

Mwishowe akalamba kidole.

"Nani alikuonyesha hapa?"

"Moshi, Mzee."

Wazee wakacheka. Nikaanza kupumua.

Ndipo Awuor akatokea nyuma ya matete na sahani, amejiuma midomo. Ndani ya sahani, nusu ya kichwa cha samaki.

"Mama ametuma," akasema. "Anauliza, ule mfupa ulishuka?"

Tonge likanianguka.

Nyuma ya matete kukatoka kicheko. Nilikijua kile kicheko.

"Shati ya manjano," nikanong'ona.

"Sasa angekujuaje?"

"Awuor! Nilimwambia mambo ya boti!"

"Najua. Ameshawaambia wote."

Mzee Zadock akaangalia mabati kana kwamba yanavuja.

Awuor akainama sikioni mwangu. "Mama alisema kuanzia leo hatawahi kukaa meza moja na wewe, maisha yake yote. Alitaka mkule pamoja hata mara moja, ajue anampa nani mtoto wake."

Nikachukua ile nusu, nikaanza na jicho.

Na sauti ikapaa juu ya matete: "Awuor! Ongezea huyo ugali, asikwamwe tena!"

Kule majini, wavuvi wawili wakageuza boti.

Siku hizi Awuor ni mke wangu. Nikienda kwao, nusu ya kichwa hunijia kutoka jikoni, nami hurudisha sahani ikiwa mifupa mitupu. Ndiyo salamu yetu.

Kwa hivyo wewe unayeniuliza hoteli nzuri ya samaki Kisumu, fuata moshi. Kama mama mkwe hujamwona, chunga mdomo. Na mtu akiketi mbele yako bila kuuliza, mgawie vizuri. Pengine ana nafasi hiyo moja tu ya kula na wewe.