Soko Halijui Mwezi

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, nilishuka basi Kilifi kutoka Mombasa nikawakuta shangazi zangu wawili stendi wananingoja. Sanduku hawakulipokea, walinishika mikono. Nikajua nimefiwa. Mama yangu alikuwa amezikwa juzi yake.

Nakueleza haya kwa sababu nakuona nawe siku hizi waandika skripti, maagizo ya kuiachia kompyuta ifanye kazi umelala. Miaka ile ya themanini nilikuwa msichana, karani wa chumba cha kompyuta katika kiwanda kimoja cha korosho pale Kilifi. Kila siku ya soko lori letu lilipanda hadi kwetu, upande wa Ganze, kununua korosho, na likirudi lilibeba wagonjwa kuwaleta hospitali. Gari jingine halikuwako. Mimi ndiye niliyemwambia dereva siku, maana soko letu haliendi kwa Jumatatu wala Jumanne. Juma letu la Kimijikenda ni siku nne: tatu za jembe, ya nne ya soko. Dereva alikuwa mtu wa mbali, hilo hakulijua.

Kiwanda kikanipeleka Mombasa kusoma. Salim, kijana mwenzangu wa Takaungu, mcheshi huyo, akaniambia niende kwa amani, kazi yangu ataiachia mashine. Akaandika skripti: kila alfajiri kompyuta itazame tarehe, na tarehe ikigawanyika kwa nne, imchapie dereva karatasi ya safari. Mwezi ule soko lilikuwa limeangukia tarehe nne, nane, hivyo hivyo hadi ishirini na nane. Haikukosea hata mara moja. Tuliisifu, wee!

Lakini mwezi ule ulikuwa wa siku thelathini na moja. Toka ishirini na nane, hesabu siku nne, unaangukia tarehe mosi. Kompyuta ikaona mosi, haigawanyiki, ikanyamaza kungoja tarehe nne. Soko nalo halijui mwezi mpya. Siku hiyo baba alimpakia mama kwenye baiskeli, homa imempanda, akamlaza kwenye kibaraza cha duka pale sokoni wangoje lori. Watu wakauza, wakamaliza, wakaenda zao, na jua likazama. Lori lilipokuja siku tatu baadaye lilikuta matanga.

Salim alikuja matangani. Alipiga magoti mbele ya baba, akasema watu wote wakisikia kwamba skripti ile ni yake, na kwamba hakuijaribu kuivusha mwezi. Mimi nikasimama nikamfukuza. Nilimtukana tusi ambalo hata leo silitamki.

Baba akanyoosha mkono kunizuia. Akaniangalia.

"Kaa chini. Mamako alinifia mikononi, nami nikimlaani dereva wa watu. Huyu angenyamaza, ningemlaani yule dereva mpaka kaburini. Mpe maji."

Nilimpa. Nisikudanganye, sikumsamehe siku ile, wala mwaka ule. Msema kweli mpenzi wa Mungu, ndiyo, lakini moyo una mwendo wake. Niliporudi kazini tulikaa mimi naye mbele ya mashine ile ile tukaandika upya. Tulichukua siku moja ya soko tuliyoijua kwa hakika, tukaiagiza kompyuta ihesabu siku zote zilizopita tangu hapo, miezi isiijali, kisha ndipo igawanye kwa nne. Tukaijaribu mwisho wa mwezi, mwisho wa mwaka, na Februari ndefu. Kila jibu lilipotoka sawa Salim alilia, nami nikalia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi, mwanangu, kazi ya tarehe usiipime katikati ya mwezi ukajisifu. Ipeleke mpakani, mwezi unapogeuka na mwaka unapogeuka, huko ndiko inakoanguka. Kabla hujawahesabia watu siku zao, kaa nao uwaulize wao huzihesabu vipi. Na ukikosa, kama sote tukosavyo, usitume mtu. Nenda mwenyewe hadi kwa waliofiwa, ukaseme ni mimi. Watakutukana, na pengine atakayekutukana ni mtu kama mimi. Vumilia.

Mungu aibariki mikono yako, akupe subira ya kurudia kazi unayodhani imekwisha. Na mama yako aliyekuzaa, mwanangu, Mungu akuwekee.