Jogoo wa Bamwana

Mimi sikusoma. Nilifika shule mpaka pale mtu anajua kuandika jina lake, nikatoka, nikauza mayai. Nyumba yangu ya Ngagara, bati lake, saruji yake, mlango wake wa chuma, vyote vilitoka kwenye tako la kuku. Nasema hivyo ili mjue kwa nini niliibana redio sikioni mwaka ule vita vilipoanza kupoa, ikisema kuna homa ya ndege.

Nilielewa nusu. Ndege wanatoka mbali, wanatua mto Rusizi, kuku wanakufa banda zima, na mtu naye anaweza kufa. Fungia kuku wako. Usishike kuku wa mgeni. Nawa. Jirani mmoja akasema mayai ni sumu, mwingine akasema yakichemka sana hayana neno. Nikamuuliza daktari wa mifugo, ugonjwa umefika Burundi? Akasema bado. Sasa tunajifungia nini? Akasema tunajifungia ili usifike. Nikarudi nyumbani kichwa kinazunguka. Sisi tulikuwa tumejifungia miaka mingi, jua likizama kila mtu ndani, kwa sababu ya risasi. Risasi unaisikia. Homa hii ilikuwa haisikiki.

Lakini mali ni mali. Nikaziba banda kwa vyandarua vikuukuu. Nikaweka beseni la maji ya javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, mlangoni. Nikatoa sheria: kuku wa nje haingii uani kwangu, na aliyemshika haingii mpaka anawe. Mke wangu akacheka. "Mzee, umekuwa askari wa kuku."

Ndipo akaja bamwana. Kwetu bamwana ni mzazi wa mkwe wako. Mwanangu alimuoa binti yake huko Uvira, nje ya mpaka, walikokimbilia vita wote wawili, kisha wakarudi kuishi kwangu. Huyu mzee anakaa kartiye nyingine, mtaa wa ng'ambo ya barabara. Ng'ambo tu, mabati yao unayaona. Lakini vita nzima mtu wa kwao hakuthubutu kuingia kwetu, na wa kwetu hakuthubutu kwenda kwao. Hakuwahi kukanyaga mlangoni kwangu. Siku ile alikuja kumuona mjukuu wetu wa kwanza, kwapani amebeba jogoo mwekundu. Jogoo wa mzazi hakataliwi. Ukimkataa umekataa damu yake, na binti yake anafunga mizigo siku hiyo hiyo.

Akanyoosha mkono. Mimi nikaficha wangu mgongoni.

"Simama hapo hapo, bamwana. Usiingie."

Akautazama mkono wake kama si wake. "Hata leo?" akasema. "Vita imeisha, na we bado?"

"Apana, si wewe! Ni homa. Redio imesema."

"Redio! Si ndiyo hiyo ilitufundisha kuogopana? Leo inasema mi ni homa?"

Nilitaka kumweleza ndege wa Rusizi, hakungoja. Yeye akamfunga jogoo kwenye mlango wangu kwa kamba, akageuka akaenda. Ndani binti yake alikuwa amesikia yote. Nikasikia sanduku linaburutwa kutoka chini ya kitanda.

Sasa nifanye nini? Banda nyuma yangu, mjukuu ndani, jogoo mlangoni, mzee anatokomea. Nani kati yao ndiye ugonjwa? Mpaka leo sijui nani aliamua, mimi au miguu. Nikafungua kamba, nikamkumbatia yule jogoo kifuani, nikamkimbilia mzee barabarani watu wakitazama.

"Bamwana! Angalia, nimemshika! Namuogopa jogoo, sikuogopi wewe!"

Akasimama. Akatazama shati langu. "Amekunyea."

"Ameninyea."

"Basi na we una homa." Akanipa mkono, nikaushika.

Tuliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, beseni mbele yake.

"Aliyeshika kuku wa nje haingii. Nani alisema?"

"Mimi."

"Basi naweni wote wawili, tena na sabuni. Na banda usilisogelee, mzee. Kuku nitawalisha mimi."

Tukakaa nje juu ya kreti za bia, wazee wawili tunanuka javeli. Binti yake akatuonyesha mtoto dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sanduku sikulisikia tena. Bamwana akamtazama mjukuu, akaniuliza pua hiyo ya nani. Nikasema ya kwangu. Akasema masikini mtoto.

Jogoo tulimjengea kibanda nje ya ukuta, mbali na kuku wangu. Watu wa nyumbani kwangu hawakuruhusiwa kumgusa. Basi ilibidi bamwana mwenyewe avuke barabara kila siku kuja kumlisha, na akishamlisha ananawa, anakaa, anaulizia chai. Homa yenyewe sikuiona. Hakuna kuku wangu aliyekufa, na redio siku moja ikaacha tu kuitaja, bila kusema imekwisha au haijaisha. Nikamuuliza bamwana, sasa jogoo tumwingize?

"Redio imesema?"

"Haijasema."

"Basi ngoja," akasema, akamimina mtama.