Korongo wa Mlango wa Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na brashi mbili nilizozifunga ndani ya soksi, nikidhani mchoraji anaajiriwa ili achore. Fundi Mkuu alinipa kipande cha msasa na ndoo ya maji, akanionyesha lori jeupe lililosimama katikati ya yadi, akasema, "Futa."

"Nifute nini, mzee?"

"Jina. Alama uache."

"Sasa kwa nini jina lifutwe, alama iachwe?"

"Binti, umeajiriwa kufuta au kuuliza?"

Nikafuta. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ambayo nimeifanya miaka kumi na minne, na nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Msicheke. Aliyenistaafisha ni daktari, maana kifua kimegoma kuvuta thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Nilimwambia nitakuwa navuta kidogo kidogo, akaniangalia kama mtu anayetazama mtoto mkaidi. Basi. Na kwa kuwa nyie wadogo zangu mnaobandika stika za mashine mmeshaanza kuniita bibi, acha nizungumze kibibi, niwasimulie tulivyofanya kazi kabla ya hizo mashine zenu.

Yadi yetu ilikuwa Nyakato, Mwanza, nyuma ya viwanda. Ilikuwa ikileta malori yaliyotumika kutoka Italia. Lori lilipofika lilikuwa bado limevaa nguo za kwao: jina la kampuni ya zamani, bendera ndogo, na alama. Niliziona alama za kila namna. Gurudumu lenye mabawa. Jogoo aliyevaa kofia ya dereva. Nyota yenye barabara inayopita tumboni mwake. Nilizipenda mpaka nikawa naziota, ila sikuzielewa. Kampuni ya jogoo ilikuwa inabeba kuku? Fundi Mkuu hakujua. Meneja wa Yadi alisema inawezekana. Na karibu kila mlango uliandikwa neno "Trasporti", nikawa najiuliza huyu Bwana Trasporti ni tajiri wa namna gani, Italia nzima magari yake! Miezi ikapita ndipo nikaambiwa maana yake ni usafirishaji tu. Niliona aibu, kwa sababu nilishamwombea huyo bwana kanisani, Mungu amfariji kwa kuuza magari yote yale.

Sasa kuhusu jina na alama. Mteja wa Mwanza hakutaka jina la mtu mwingine mlangoni mwake, lakini alama aliing'ang'ania. Ilikuwa kama kovu la chanjo begani, inaonyesha lori limetoka huko kweli. Kwa hiyo tulifuta maandishi, tukaandika jina la mmiliki mpya, na jogoo akabaki na kofia yake.

Kufuta kwenyewe ni kazi. Jua likilipiga lori miaka mingi, rangi inapauka kila mahali isipokuwa chini ya herufi. Ukitoa herufi, jina bado linaonekana, limekaa pale kama kivuli. Sisi tulikiita mzimu. Mzimu hauondoki kwa kupakwa rangi juu juu. Unausugua kwa msasa na maji hadi kiganja kichubuke, unapaka praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati, ndipo unapaka rangi yenyewe. Mara ngapi nimeandika jina la mtu, akafurahi, akaondoka, baada ya mvua mbili Mwitaliano akachungulia nyuma yake!

Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Meneja wa Yadi alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyarudia. "Kosa moja, nyumbani. Umesikia? Kosa moja, nyumbani." Nilisikia. Nyumbani ilikuwa chumba kimoja Mkuyuni kwa shangazi yangu, ambaye alishawatangazia majirani wote kwamba Kabula wake anachora magari ya Ulaya.

Mwezi wa tatu akaja Mzee Masalu. Alikuwa na lori lililonunuliwa palepale yadini miaka mingi kabla sijafika, na alikuwa akibeba magunia ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kupeleka mikoani. Lilikuwa na alama ya bendera ya rangi tatu, kijani, nyeupe na nyekundu, zimesimama wima, na katikati kwenye nyeupe korongo wa bluu anaruka. Akina mama wa dagaa hawakujishughulisha na jina lililoandikwa mlangoni. Walisema tu, "Pakia kwa Korongo," na makuli wakajua. Yule korongo ndiye aliyekuwa anamlisha.

Lori lilikuwa limegongwa. Mlango wa kulia ulibomoka kabisa, ukawekwa bati jipya, tupu. "Mchore palepale alipokuwa," Mzee Masalu aliniambia. "Asiwe mwingine. Awe yuleyule."

"Sawa mzee. Atakuwa yuleyule."

Nikatoa filamu ya eksirei. Sisi stensili, yaani kiolezo cha kupakia rangi, tulikata kwenye filamu za eksirei zilizotupwa, kwa sababu hazilowi wala hazikunjiki. Hiyo yangu ilikuwa na mbavu za mtu nisiyemjua, nikampa pole, nikamkata. Nilifuata mchoro wa mlango wa kushoto, mzima na safi. Halafu nikaangalia lile bati la zamani lililokunjwa kwenye vyuma chakavu, nikashangaa. Kushoto bendera ilianza na kijani. Kulia ilianza na nyekundu! Na korongo kule alielekea upande mwingine.

Nilizunguka lile lori mara nne. Kijani, nyekundu. Nyekundu, kijani. Nikachanganyikiwa, kisha nikajipa jibu: Mwitaliano alikosea. Labda alikuwa amechoka, labda alikuwa na mgonjwa nyumbani. Nikamhurumia. Nikaamua kumsaidia. Nikapaka mlango wa kulia kwa stensili ileile, kijani kianze kama kushoto, na korongo aangalie kama mwenzake. Nilimaliza nimejaa furaha, nimerekebisha kosa la Ulaya.

Mzee Masalu akalichukua gari. Usukani wa malori yale uko kushoto, kwa hiyo alipanda kwa mlango wa kushoto, akapiga honi, akaenda. Hata hakuzunguka.

Siku nne baadaye yadi ilipokea lori jingine. Nilipolifuta vumbi nikaona korongo wa bluu! Kampuni ileile. Nikakimbilia mlango wa kulia. Nyekundu imeanza. Korongo amegeuka vilevile. Mtu mmoja anaweza kukosea, lakini hawezi kukosea kosa lilelile, kwenye magari mawili, kwa unadhifu namna ile.

Nikamwita Fundi Mkuu. Alitazama kwa muda, akaniuliza, "Bendera imefungwa kwenye nini?"

"Kwenye mti."

"Gari likikimbia, mti uko wapi na kitambaa kinapeperukia wapi?"

"Mti mbele. Kitambaa nyuma."

"Rangi gani imeshika mti?"

"Kijani."

"Basi kijani kiko mbele, mlango huu na mlango ule. Ukisimama kulia, mbele ya gari ni mkono wako wa kulia. Na ndege?"

Hapo nikaelewa. Ndege anaruka kwenda linakoenda gari, milango yote miwili. Filamu ya eksirei ilitakiwa kugeuzwa tu, upande wa pili. Mimi nilikuwa nimempeleka mzee wa watu barabarani na korongo anayeruka kinyumenyume.

"Meneja hajui," Fundi Mkuu akasema taratibu. "Na mimi sijaona kitu. Lakini ningekuwa wewe, ningeenda kumwambia Masalu kabla watu hawajamwambia."

Nilijishauri siku tatu, kisha nikabeba kopo la rangi, praima, msasa na ile stensili, nikaenda Mwaloni. Njiani nilikuwa naongea peke yangu. Nikimwambia, atamwambia Meneja, nami ni nyumbani. Nisipomwambia, ataendelea kuchekwa. Nilipofika nikakuta nimechelewa. Lori limesimama tupu, na madereva wawili wameegemea boneti wanakunywa chai.

"Masalu, ndege wako amesahau nini nyumbani?"

"Mwache, anamtafuta mkewe Italia!"

Na mama mmoja wa dagaa aliyeitwa Mama Nyamizi, msemaji wa wenzake, alikuwa amekunja mikono. "Sipakii. Mzigo wangu unaenda mbele, chombo kinaangalia nyuma. Nani anataka dagaa warudi ziwani?"

"Shikamoo mzee," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo.

"Marahaba." Mzee Masalu hakunitazama. "Nilikuambia awe yuleyule."

"Ni kosa langu. Nilidhani wao ndio waliokosea, nikarekebisha. Hakuna aliyenituma. Nimekuja kumtoa, nimchore upya sasa hivi."

"Ulidhani." Akatikisa kichwa. "Siku mbili nimekaa hapa bila mzigo, binti. Siku mbili. Haya, mtoe."

Nikapiga magoti, nikalowesha msasa. Kabla sijagusa bati tukasikia honi. Lile lori la pili lilikuwa limeshauzwa, na mwenye nalo, kijana wa mjini, ndio analileta Mwaloni kwa mara ya kwanza. Korongo wa bluu, milango yote miwili, anaruka mbele kama inavyopaswa. Akaliegesha jirani na la Mzee Masalu.

Mama Nyamizi akafurahi. "Haya, umeona? Huyu anaangalia mbele. Pakieni kwa Korongo!"

Hapo ndipo ikawa vurugu. Makuli wa Mama Nyamizi wakapeleka magunia kwa yule kijana. Makuli wa mama mwingine, aliyekuwa bado anamwamini Mzee Masalu, wakasikia "kwa Korongo" na wao wakapeleka kwa kijana. Kijana akasema lori limejaa. Mama wa pili akapiga kelele kwamba mzigo wake ulikuwa wa Masalu tangu alfajiri. Magunia yakashushwa, yakachanganyika, hakuna aliyejua la nani ni lipi.

"Nimesema kwa Korongo!"

"Korongo yupi, mama? Wako wawili!"

"Korongo wa Masalu!"

"Ndio yupi?"

Mama Nyamizi akatazama lori hili, akatazama lile. Kisha akatazama mlango wa kulia, pale nilipopiga magoti na msasa unadondosha maji.

"Yule anayeangalia nyuma," akasema.

Mzee Masalu akacheka kwanza kwa puani, halafu akacheka kweli. Mimi bado nilikuwa nimeinua mkono, sijui nifute au nisifute.

"Mzee, nifanye?"

"Wewe subiri," Mama Nyamizi akanikatiza. "Ukimtoa huyo, kesho tutayatofautishaje malori haya? Na wakija wengine watano?" Akamgeukia Mzee Masalu. "Mwache. Atakuwa anatuangalia sisi tuliobaki. Haya, pakieni! Kwa anayeangalia nyuma!"

Na yeye mwenyewe, aliyekuwa amekataa kupakia, akapakia.

Nilimweleza Meneja kila kitu kwa mdomo wangu. Akasema, "Kosa moja." Nikangoja neno la pili. Hakulisema. Mwezi uliofuata jina langu lilikuwa kwenye ratiba.

Baadaye niliacha yadi nikaandika mabango ya maduka kule Mkuyuni, nikarudi Nyakato, nikafika mpaka nafasi ya Fundi Mkuu mwenyewe. Nimegeuza stensili maelfu ya mara na sijakosea tena. Lakini nikiulizwa kazi yangu nzuri kuliko zote, najikuta nataja ile moja ambayo niliikosea, na hilo nalo sijalielewa mpaka leo. Ninyi mkilielewa mniambie. Ndoto yangu iliyobaki ni kwenda Italia nimtafute aliyemchora korongo wa kwanza, nimwombe radhi, nimuulize pia yule jogoo alikuwa anabeba nini.

Asubuhi nyingine kifua kikiniruhusu natembea hadi barabarani Kirumba. Nasimama upande wa pili, ule wa mlango wa kulia. Lori la Mzee Masalu sasa linaendeshwa na binti yake, rangi imepauka, na kwenye mlango wa kushoto mzimu wa Bwana Trasporti umeanza kuchungulia. Linapita limejaa dagaa, linapiga honi, linaenda zake. Magari mengine yote yakiondoka yananipa mgongo. Lile linaondoka huku korongo ananitazama.