Fundi aliyejipandishia bei ya nyumba

Saa moja na nusu asubuhi, fundi rangi wa hospitali amepiga magoti kwenye korido ya wodi ya wazazi, kipande cha msasa mkononi. Anasugua ukuta, anaupapasa kwa kiganja, anasugua tena. Wauguzi wanapita wamebana nguo zao zisiguse ukuta, ingawa bado hajapaka hata tone.

"Usiegemee, daktari!" anafoka bila kugeuka. Daktari bingwa aliyekuwa ameanza kuegemea anasimama wima kama mwanafunzi.

Hapa kazini wanamwita Msasa. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na kwa miaka kumi na tisa ameajiriwa kupaka rangi majengo ya hospitali hii. Akimaliza la mwisho anarudi kwenye la kwanza. Ni fundi hodari, hilo halina ubishi. Tatizo lake ni kwamba hawezi kukaa chumba kimoja na ukuta mbaya. Ugonjwa huo umemtia kwenye mkopo binafsi wa mishahara kumi na minne, na kila mwezi benki inakata theluthi ya mshahara wake kabla hajauona.

"Ujinga nilioufanya ninaujua," anasema, akiutazama ukuta badala ya kumtazama mwandishi. "Usiniandike kwa huruma."

Msasa, mkewe ambaye ni fundi cherehani, na binti yao walipanga vyumba viwili kwa miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo alivipaka rangi mara tatu kwa gharama yake. Mara zote tatu mwenye nyumba alikuja, akatazama, akasifu, akapandisha kodi.

"Mara ya kwanza nilinyamaza," anasimulia mkewe, kichwa amekiinamisha kwenye cherehani. "Ya pili nililia. Ya tatu nikamwambia, baba, tutafute yetu, maana wewe kupanga hukuwezi."

Wakajibana. Mke akauza shamba aliloachiwa na baba yake. Mwaka jana wakapata nyumba ya vyumba vitatu, mali ya mwalimu wa hesabu mstaafu aliyefiwa na mkewe na sasa alikuwa amehamia kwa binti yake. Bei ikakubaliwa kwa mdomo, na akiba yao ikaitosha barabara. Zilibaki wiki tatu waende kutia saini kwa mwanasheria. Mwalimu akamkabidhi Msasa funguo apime madirisha kwa ajili ya mapazia.

Hapo ndipo Msasa alipobaki peke yake na ile sebule.

"Ilikuwa ya kijani," anasema, na sauti inashuka utadhani anatangaza msiba. "Kijani cha dawa ya kikohozi. Halafu walipaka bila kusugua! Ukuta umejaa matuta. Nikasema nitasugua kipande kidogo tu, pale nyuma ya mlango, nione chini kuna nini."

Kipande kidogo kilimchukua Jumamosi mbili na Jumapili zake. Sebule ikawa na rangi ya maziwa. Vyumba vikafuata. Mlango wa mbele ukawa wa buluu inayong'aa kiasi kwamba mtu angeweza kujitazama meno. Mkewe hakuambiwa. Msasa alitaka kumshangaza, na katika hilo, tumpe haki yake, alifanikiwa.

Jumatatu, mwalimu alikuja kuchukua saa yake ya ukutani. Akiwa ndani, mtu na mkewe waliokuwa wakipita njia waliuona mlango wa buluu, wakabisha hodi, wakauliza kama nyumba inauzwa. Wakaingia, wakazunguka, wakataja bei yao. Ilikuwa juu sana kuliko ya Msasa.

Mwalimu hakatai. "Niliingia sebuleni nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena," anasema kwa simu. "Nimeishi mle miaka thelathini, kumbe nina nyumba nzuri! Mimi si mwizi. Nilimwambia, kijana wangu, hesabu ni hesabu. Wenzako wametaja hivi, nawe nakupa siku kumi uwafikie."

Msasa alirudi nyumbani kwa miguu ili achelewe kufika. Alipomaliza kueleza, cherehani ilikuwa imesimama.

"Mume wangu," anasema mkewe, "ndiye mnunuzi wa kwanza niliyemsikia amepandisha bei ya kitu anachokinunua mwenyewe. Tena kwa rangi aliyoitoa mfukoni mwake!"

Leo anacheka. Siku ile hakucheka, kwani shamba la baba yake lilishakwenda, na vyumba vyao vilishapata mpangaji mwingine. Siku kumi zikipita wangebaki na fedha nyingi kuliko walizowahi kushika, na bila mahali pa kulala. "Niliogopa mno," anasema. "Nilimwonea huruma binti yangu kuliko nilivyojionea mimi."

Msasa akakimbilia benki na hati zake za mshahara.

"Kusudi la mkopo?" aliuliza afisa mikopo.

"Rangi."

"Rangi gani hiyo ya mishahara kumi na minne, kaka?"

Akaeleza yote, tangu nyuma ya mlango hadi mlango wa buluu. Dada yule aliomba radhi, akatoka, akarudi na wenzake wawili, akamwomba aeleze tena tangu mwanzo.

Ilihitajika pia saini ya mdhamini. Alijitokeza mhudumu wa chumba cha maiti cha hospitali hiyohiyo. "Sikuwa na wasiwasi," anasema mhudumu huyo. "Akinikimbia huku nje, ipo siku ataletwa kwangu." Fedha zilitoka siku ya nane, na siku ya tisa wakatia saini.

Sasa Msasa hupaka nyumba za watu kila mwisho wa wiki ili kuziba pengo la makato. Mteja wake wa kwanza alikuwa mwalimu, aliyetaka chumba chake kipya kipendeze kama nyumba aliyoiuza. "Bei niliitaja mimi," anasema mke. "Alipoguna nikamwambia, Mwalimu, hesabu ni hesabu."

Nyumbani kuna sheria moja: brashi haziingii ndani mpaka deni liishe. Imebaki miezi hamsini na miwili. Juu ya jiko kuna doa la moshi, na Msasa anakunywa chai yake akilikodolea macho.

"Hakuna aliyeniuliza," mkewe anasema ghafla, akikata uzi kwa meno. "Mimi ile kijani nilikuwa naipenda. Siku tulipokwenda kuiangalia nyumba nilikaa pale sebuleni nikasema moyoni, hapa nitapumzika."

Msasa anaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hatazami ukuta.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

Msasa anakisogeza kikombe kando. Kisha anamgeukia mwandishi na kumtaka aandike vizuri: siku makato yatakapokwisha atachukua likizo, na sebule itarudi kuwa kijani, kilekile cha dawa ya kikohozi. "Lakini nitasugua kwanza," anaongeza.

"Na mlango?" mkewe anauliza.

"Mlango pia, mama. Asitokee tena mtu wa kubisha hodi."