Matone ya Mvua Nyuma ya Madam

Wazazi walimwita Mwalimu Vidole, naye hakukasirika, maana kutwa neno lake lilikuwa hilo: vidole, jamani, vidole. Alifundisha baleti, ile dansi ya kunyanyukia ncha za vidole, katika shule ya chekechea ambayo ukumbi wake ndio uleule wa kulia chakula. Kabla ya kipindi alifagia makombo, akasukuma meza ukutani, akawavua watoto viatu. Hapo nusu ya kipindi imeshakwenda na mmoja anataka kukojoa.

Sketi za watoto alizishona mama yake, fundi cherehani, kwa mabaki ya chandarua, huku akinung'unika.

"Mwanangu, wanatembelea vidole kwa nini? Sakafu ina moto?"

"Ni urembo, mama."

"Urembo. Na mimi niliyekanyaga cherehani maisha yangu yote, miguu yangu ina urembo gani?"

Lakini alishona, na pindo akazipiga mara mbili.

Mtoto wa miaka minne humwelekezi kwa maneno. Mwambie mguu wa kulia, anakupa wa kushoto na mkono juu yake kama nyongeza. Kwa hiyo darasani sheria ilikuwa moja: tunamfuata aliyesimama mbele. Mwalimu akiinama, wanainama. Akipiga chafya, ukumbi mzima unapiga chafya. Siku moja alivuta soksi iliyomteremka, na tangu hapo kuna mtoto anayeamini kwamba dansi huanza kwa kuvuta soksi.

Muhula huo mwenye shule, Madam, alimwita ofisini.

"Mwalimu, wazazi wanauliza hii dansi ina faida gani. Shule ya jirani wana kompyuta."

"Inawafundisha watoto kutulia, Madam."

"Tutaona siku ya wazazi. Wakifurahi, utaendelea. Wakinuna, kipindi chako nakipa kompyuta."

Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili, moja ikizuia mlango wa ofisi usijifunge.

Mwalimu Vidole akatunga dansi ya mvua. Watoto waanze wamejikunja kama matone, wainuke, watawanyike kwa vidole, mwishowe watulie kama maji kwenye beseni. Wakafanya mazoezi muhula mzima. Hata yule wa soksi alikaribia kuacha soksi.

Siku ikafika, wazazi wamejaa, simu juu. Watoto wakapangwa jukwaani, Mwalimu amejibanza pembeni, mkono kwenye redio. Mara Madam akapanda.

"Maneno mawili tu kabla hatujaanza."

Maneno mawili ya Madam hayajawahi kuwa mawili. Akasimama mbele ya watoto, akawapa mgongo.

Akaweka wigi sawa. Nyuma yake mikono midogo yote ikaweka sawa wigi zisizokuwepo. Akainua kidole kusisitiza nidhamu, vidole vikainuka. Akafuta jasho shingoni, wakafuta. Akavuta sketi iliyombana kiunoni, nao wakavuta zao, kwa ile mikono laini ambayo Mwalimu ameililia muhula mzima. Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu akawapungia watoto waache, lakini nani amtazame? Yeye yuko pembeni, na sheria walikuwa wameishika barabara.

Madam akasita kidogo. Alikuwa akizungumzia usafi wa vyoo, na hakukumbuka kuweka mzaha humo. Lakini kuchekewa ni kutamu. Akapaza sauti, akaongeza mikono, akajishika kiuno akajitingisha. Baba mmoja alifuta machozi. Kila waliposhangilia, Madam alipata maneno mengine mawili, mpaka wapishi wakaanza kuingiza sufuria za mchana.

Akashuka anang'aa.

"Umeona walivyofurahi, Mwalimu?"

"Nimeona, Madam."

"Kumbe nina kipaji. Basi, kipindi chako kibaki. Mwakani watoto wasimame hivyohivyo nyuma yangu, wananipendezesha."

Mwalimu Vidole akachomoa redio ambayo haikulia hata kidogo. Mama yake, aliyekuja kuziona sketi zake, alikuwa bado anajifuta macho kwa kicheko.

"Kumbe baleti ndiyo hiyo. Ungeniambia mapema, nisingekuwa na neno."

"Siyo hiyo, mama."

"Nyamaza. Hiyo ndiyo iliyokubakizia kazi."

Jumatatu alisimama mbele ya darasa. Hata hajainua mkono, watoto wote wakaweka wigi sawa, wakajishika viuno. Madam, aliyekuwa akipita, akachungulia mlangoni.

"Wanafanya nini?"

"Mazoezi ya mwakani, Madam."